Nchi Imesema: Mabaraza na Vikundi vya Wananchi Kisumu na Ufuoni mwa Ziwa

Historia ya serikali za mitaa katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria huanzwa mara nyingi na reli, iliyofika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901 mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Mwanzo huo una kasoro kubwa, kwa kuwa humwacha msomaji akiamini kwamba wenyeji walijifunza kukutana, kuchanga na kuamua mambo yao baada ya ofisi ya mkoloni kujengwa, ilhali desturi za kukutana, kuchanga na kuamua zilikuwapo kabla mhandisi wa kwanza hajapiga kambi. Makala haya yanafuatilia uhusiano wa pande mbili: mabaraza, yaani vyombo vya utawala vilivyoundwa kwa sheria na kupewa mamlaka ya kutoza na kutumia fedha za umma katika eneo fulani, na vikundi vya wananchi, yaani jumuiya ambazo watu huziunda kwa hiari yao ili kufanya kazi, kuweka akiba au kudai haki. Hoja inayoyaongoza ni kwamba Kisumu na vijiji vya ziwani kikundi ndicho kilichotangulia na baraza likafuata, na kwamba kila mara uhusiano wao ulipoimarika, kikundi kilikuwa kimeshika sehemu ya fedha na ya daftari lake la hesabu, wala si jembe peke yake.

Katika nchi ya Waluo eneo lililokaliwa na koo zinazopakana liliitwa gweng', na waliolisimamia waliitwa jodong gweng', yaani wazee wa mtaa, ambao walikata mashauri ya mipaka na kuamua mgeni alime wapi, bila mshahara wala mhuri. Kazi nzito, kama vile kulima shamba kubwa au kujenga nyumba, ilifanywa kwa saga, mkusanyiko wa majirani wanaofanya kazi kwa mmoja wao na kulipwa kwa chakula na kwa ahadi kwamba zamu ya kila mtu itafika. Na mantiki hiyo hiyo ya zamu ndiyo inayoonekana katika nyoluoro, mchango wa mzunguko ambao sehemu nyingine za Kenya huuita chama. Ufuoni, wath, yaani mahali mitumbwi inapopandishwa nchi kavu, palikuwa na wenyewe, na ukoo uliokalia nchi ya nyuma yake ndio uliosikilizwa ugomvi ulipozuka juu ya mitego. Jina la Kisumu lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Dholuo kisuma, mahali ambapo watu walikwenda kubadilishana mali na chakula, hasa wakati wa njaa, na maelezo hayo yanaonyesha kwamba kabla ya kuwa kituo cha reli, pahali hapo palikuwa soko la watu waliokwisha kupatana masharti ya kuonana.

Utawala wa Kiingereza haukuzijengea desturi hizo mlango wa kuingilia. Hadi mwaka 1902 ufuo huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, na ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ulitawaliwa kwa njia ya machifu na wasaidizi wao walioteuliwa na serikali, ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vijana wa kufanya kazi za barabara na za mashamba ya walowezi. Baadhi ya machifu walitoka katika nyumba zenye heshima ya zamani, lakini wote walijibu kwa aliyewateua. Katika mji wenyewe mambo yaliamuliwa na maofisa wa serikali pamoja na wafanyabiashara Wazungu na Wahindi, huku Mwafrika akihesabiwa kuwa mpitaji, mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kijijini kwake. Hivyo palizuka hali ambayo ingedumu kwa miaka mingi: penye fedha hapakuwa na wananchi, na penye wananchi hapakuwa na fedha.

Pengo hilo ndilo lililozaa kikundi cha kwanza cha kisiasa katika sehemu hizo. Mwaka 1920 Himaya iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya, hatua ambayo iliwatia wenyeji hofu kuhusu ardhi yao, na wakati huo huo kodi ilipandishwa, kipande, yaani cheti cha kazi kilichofungwa shingoni mwa mwanamume Mwafrika, kikaanza kutumika, na kambi za kazi zikawa zinawapokea watu waliochukuliwa kwa nguvu. Tarehe 23 Desemba 1921 maelfu ya watu walikusanyika Lundha, katika eneo la Gem, na kuunda chama kilichojulikana rasmi kama Young Kavirondo Association, Kavirondo likiwa jina ambalo Waingereza walilitumia kwa wakazi wa sehemu hizo. Wananchi wenyewe walikiita chama hicho Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Waliokiongoza, miongoni mwao Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa wasomi waliohusiana na shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906.

Jina la Piny Owacho linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake kuna nadharia nzima ya utawala. Neno piny lina maana ya ardhi, ya nchi na ya watu wanaoikalia kwa pamoja, na kusema kwamba piny imesema ni kudai kwamba kuna sauti iliyo juu ya chifu na juu ya ofisi ya mkuu wa wilaya, sauti ambayo haiteuliwi na mtu. Madai yaliyotolewa kwa sauti hiyo hayakuwa ya kukataa serikali. Kinyume chake, yalikuwa ya kutaka serikali iliyo karibu zaidi. Chama kilitaka koloni lirudishwe kuwa himaya, kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi zifungwe, shule ya serikali ijengwe, hati za kumiliki ardhi zitolewe, na Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria ambalo rais wake angechaguliwa na wananchi. Kwa maneno mengine, kikundi ndicho kilichodai baraza, miaka kadhaa kabla ya serikali kuona haja ya kuliunda.

Gavana Sir Edward Northey alikutana na wananchi Nyahera, kaskazini kidogo ya Kisumu, tarehe 8 Julai 1922, na baada ya mkutano huo kambi za kazi zilifungwa na kodi, iliyokuwa imefika shilingi 16, ikateremshwa hadi shilingi 12. Dai la baraza la kutunga sheria na la kurudishwa kwa himaya halikukubaliwa. Mwaka uliofuata viongozi wa chama, wakiwa na habari za damu iliyomwagika Nairobi mwezi Machi 1922 wakati umati ulipodai kuachiliwa kwa mwanaharakati Harry Thuku, walimkabidhi urais Padri Mkuu W. E. Owen wa kanisa la Kianglikana, na chama kikageuka kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa walipa kodi. Chini ya Owen wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kulinda chemchemi za maji zisichafuliwe, kupanda miti na kujenga nyumba bora, huku madai yao yakipelekwa serikalini kwa barua na kumbukumbu zilizoandikwa kwa adabu.

Wanahistoria wamegawanyika juu ya mabadiliko hayo, na wapo wanaoyaona kuwa mwisho wa siasa na mwanzo wa usafi. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Ni kweli kwamba makali ya 1921 yalipungua na kwamba mzungumzaji mkuu wa wananchi mbele ya serikali sasa alikuwa Mzungu. Lakini jina jipya la chama lilibeba wazo ambalo hakuna ofisa aliyeweza kulifuta, yaani kwamba mwananchi ni mlipa kodi, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Wazo hilo lilipata mahali pa kusimamia upesi kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa sheria ya mwaka 1924 serikali iliunda Mabaraza ya Wenyeji, ambayo yalianza kukutana mwaka 1925, na sehemu za Kavirondo zikapata matatu: la Kavirondo ya Kati, lililokuwa na makao yake Kisumu, la Kavirondo Kaskazini, Kakamega, na la Kavirondo Kusini, Kisii. Kila baraza liliongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa Mzungu, na lilikuwa na machifu pamoja na wajumbe waliopendekezwa na watu wa maeneo yao. Liliruhusiwa kutoza ushuru wa ziada juu ya kodi ya serikali, kutunga sheria ndogo, na kutumia mapato hayo kwa barabara, zahanati, masoko na shule, ingawa matumizi yake yalihitaji kibali cha wakubwa. Serikali iliyatazama mabaraza hayo kama chombo cha kuwaepusha wananchi na vyama, na hesabu hiyo haikutimia, kwa sababu watu wa vyama waliingia humo humo, na miongoni mwa waliokuwa Piny Owacho walitokea wajumbe wa baraza na hata machifu.

Katika suala la shule ndipo uhusiano wa mapema wa baraza na wananchi ulipoonekana wazi kuliko mahali pengine pote. Wazazi wa Nyanza walitaka shule za serikali zisizo chini ya misheni yoyote, nao walikubali kutozwa ushuru wa baraza kwa ajili hiyo wakati ambapo kodi nyingine waliichukia, kwa sababu ushuru huu ulikuwa na jina la kitu walichokiomba wao wenyewe. Shule za serikali zilizofunguliwa Kakamega na Kisii katika miaka ya 1930 zilitokana kwa kiasi kikubwa na msukumo na fedha za namna hiyo.

Ziwani mambo yalikwenda kinyume. Nyavu za kisasa zilizoanza kutumika mwaka 1905 zilivua ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, kwa wingi ambao ziwa halikuweza kuuhimili, na baada ya uchunguzi uliofanywa ziwani mwaka 1927 na 1928 serikali za nchi zote 3 zinazopakana na ziwa ziliafikiana kukataza nyavu zenye matundu yaliyopungua inchi 5, sheria iliyotangazwa mwaka 1933. Ilikuwa sheria yenye msingi wa kisayansi, lakini ilishushwa kutoka juu na kukabidhiwa walinzi wachache waliotakiwa kuangalia ufuo mrefu usiokwisha, huku wenye wath, ambao ndio waliomjua kila mwenye mtumbwi kwa jina, wakiwekwa kando. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya iliiacha sheria hiyo, kama majirani zake walivyokwisha kufanya, na ngege alikuwa amekwisha kuwa haba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikundi vilichukua sura mpya, ya biashara. Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, shirika la akiba na biashara lililoandikishwa mwaka 1947, ambalo lilikusanya hisa ndogo ndogo za wakulima, wafanyakazi wa reli na walimu, likajenga Ramogi House mjini Kisumu na kuwa na mtambo wake wa kuchapa magazeti. Maana ya jengo hilo haiwezi kupimwa kwa ukubwa wake, kwa sababu lilisimama katika mji ambao ulikuwa umemwambia Mwafrika kwamba hana pake, na lilijengwa kwa mantiki ya nyoluoro iliyopanuliwa ikawa shirika. Odinga huyo huyo aliingia katika Baraza la Wilaya la Waafrika la Nyanza ya Kati, ambalo ndilo lililorithi Baraza la Wenyeji kwa jina jipya, na hivyo mtu mmoja akawa anasimamia daftari la kikundi asubuhi na kuhoji daftari la baraza jioni. Ujuzi wa kuhoji matumizi ya serikali ulijifunzwa katika hesabu za duka.

Jambo la namna hiyo lilitendeka katika Luo Union, umoja wa ustawi uliowaunganisha Waluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki, ambao ulisaidia kusafirisha maiti, kuwalipia watoto karo na kusuluhisha ugomvi, na ambao mwaka 1953 ulimchagua Odinga kuwa Ker, yaani mlezi na kiongozi wake mkuu. Katika mwaka huo huo Ambrose Ofafa, mweka hazina wa umoja na diwani wa Nairobi, aliuawa, na michango ya wanachama ikajenga Kisumu ukumbi wa kumbukumbu unaobeba jina lake, Ofafa Memorial Hall. Kwamba mtu huyo alikuwa mweka hazina wa kikundi na diwani wa baraza kwa wakati mmoja ni jambo lenye uzito katika historia hii, kwa maana linaonyesha jinsi njia kati ya viti hivyo viwili ilivyokuwa fupi katika kizazi hicho.

Uhuru ulileta madiwani wa kuchaguliwa, na mwaka 1965 Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu na diwani, akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Mwaka 1969 wapiga kura wa mji huo wakampeleka bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya. Lakini mwaka huo wa 1969 ndio uliolivunja daraja. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti, ambayo watu wa Kisumu wameendelea kuiita Russia. Mabishano kati yake na Odinga, aliyekuwa sasa kiongozi wa upinzani, yakaishia kwa risasi zilizopigwa katika umati na kuua watu, na siku chache baadaye chama cha Odinga, Kenya People's Union, kikapigwa marufuku. Kuanzia hapo kikundi chochote kikubwa katika sehemu hizo kilitazamwa na dola kwa jicho la shaka.

Katika mwaka huo huo, bila kelele, Bunge lilipitisha sheria iliyobadilisha maisha ya mabaraza kuliko marufuku yoyote ya chama. Sheria hiyo ya uhamisho wa majukumu iliyaondolea mabaraza ya kaunti shule za msingi, huduma za afya na barabara, ikazipeleka serikali kuu pamoja na kodi iliyozigharimia, na ni manispaa 7 tu zilizoachiwa majukumu hayo, Kisumu ikiwa mojawapo. Matokeo yake yalikuwa mgawanyiko wa ajabu ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu: mkazi wa mji aliendelea kumdai diwani wake shule na zahanati, na jirani yake wa kijijini alibaki na baraza lisilo na kitu cha kudaiwa isipokuwa soko na ushuru wake. Vijiji viligeukia harambee, michango ya hiari ya kujenga shule, zahanati na hata vyuo, na Chuo cha Ufundi cha Ramogi, ambacho wengi hukijua kwa ufupisho wa RIAT, ni tunda la michango ya namna hiyo. Harambee ilijenga mengi, lakini ilimpeleka mwananchi kwa mbunge na kwa mgeni wa heshima mwenye bahasha, na ikamsahaulisha njia ya kwenda kwenye ofisi ya karani wa baraza kuuliza hesabu. Mwaka 1980 Luo Union ilivunjwa pamoja na miungano mingine ya kikabila kwa amri ya serikali, na ukumbi wa Ofafa ukabaki umesimama bila umoja ulioujenga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukio jingine lilikuwa limebadilisha umbo la mji. Mipaka ya manispaa ilipanuliwa hadi kilomita za mraba zipatazo 417, ambazo zaidi ya robo yake ni maji ya ziwa, na vijiji vya Kolwa, Kajulu na Nyalenda vikajikuta ndani ya mji bila nyumba moja kuhama. Ardhi ya mitaa ya Manyatta, Nyalenda na Obunga, ambayo leo imejaa nyumba za kupangisha, kwa sehemu kubwa si ya serikali wala ya baraza, bali ni ya familia zilizoirithi na zenye hati. Tofauti hiyo na mitaa mingi ya mabanda ya Nairobi, iliyokua juu ya ardhi ya umma, haitiliwi maanani inavyostahili. Baraza la Kisumu lisingeweza kupitisha bomba, mtaro au njia bila idhini ya mwenye shamba, na mwenye shamba husikiliza ukoo, jirani na kikundi chake cha kuchangiana kabla ya kumsikiliza ofisa wa mipango. Kwa hiyo kushirikiana na vikundi kulikuwa sharti la kuingia, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa mikononi mwao.

Mageuzi ya mwisho wa karne yalijaribu kulirudishia baraza fedha. Sheria ya mwaka 1998 ilianzisha mfuko ambao uliyagawia mabaraza yote asilimia 5 ya kodi ya mapato, na kuanzia mwaka 2001 kila baraza lilitakiwa kuandaa mpango wa utoaji huduma, uliojulikana kwa ufupisho wa LASDAP, ambao kwa ajili yake wakazi wa kila wadi walikutana na kutaja miradi waliyoipa kipaumbele. Kwa mara ya kwanza tangu ukoloni wananchi wa kawaida waliitwa kuzungumza juu ya fedha ya baraza kabla haijatumika. Hata hivyo mpango ulifikia kikomo katika uchaguzi wa miradi: wananchi walitaja daraja au choo cha soko, kisha zabuni, malipo na hesabu zikarudi ofisini, na orodha ya waliohudhuria mkutano ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi wa ushirikiano.

Ziwani, wakati huo huo, somo la 1933 lilikuwa limeanza kueleweka. Gugumaji lilifunika ghuba ya Kisumu katika miaka ya 1990 na kuzuia mitumbwi isitoke, na mwishoni mwa muongo huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa kwa sababu za usafi na za uvuvi wa sumu, hata serikali ikalazimika kukiri kwamba hakuna ofisa awezaye kulinda ufuo bila watu wa ufuo. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa hadhi ya kisheria vikundi vya usimamizi wa fukwe, vinavyojulikana kote ziwani kama BMU, ambavyo wanachama wake ni wuon yie, yaani mwenye chombo, mabaharia wake, wachuuzi na watengenezaji wa nyavu na mashua, na ambavyo kamati zake zilitakiwa kuwa na nafasi za makundi hayo yote pamoja na wanawake. Vikundi hivyo vilipewa kuandikisha vyombo, kukagua nyavu, kutunza takwimu za samaki na kukusanya ada ndogo pale samaki wanapopimwa, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 ikavithibitisha. Si kila ufuo umefanikiwa, na mahali pengi wenye vyombo wamewazidi nguvu wanawake wachuuzi, ambao humtegemea mvuvi ili wapate samaki wa kuuza na kwa hiyo huogopa kusema katika mkutano. Lakini ufuo kama Dunga, kusini mwa mji, unaonyesha kwamba kikundi chenye mzani, daftari na ada yake huzungumza na serikali kama mwenzake.

Katiba ya mwaka 2010 ilifuta mabaraza ya zamani, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Kaunti ya Kisumu, yenye wadi 35, ilianza kazi chini ya gavana na bunge lake. Katiba hiyo inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeweka baraza la kijiji lenye msimamizi na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, ambalo mtu anayekumbuka jodong gweng' hataweza kulisoma bila kuona kwamba sheria imerudi, baada ya zaidi ya miaka 100, kwa wale wale ambao utawala wa 1902 uliwapita. Tofauti ni kwamba wazee hawa huteuliwa na msimamizi kwa idhini ya bunge la kaunti, na wazee wa gweng' hawakuteuliwa na yeyote.

Wakati sheria hizo zilipoandikwa, Nyalenda ilikuwa imekwisha kupata mapatano yake. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, iliyoundwa chini ya manispaa mwaka 2001 na kuanza kazi miaka miwili baadaye, ilirithi mitaa ambayo mabomba membamba yalipishana ardhini kama mizizi, mengi yakiwa yameunganishwa kwa wizi, kiasi kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyosafishwa haikulipiwa na mtu. Maofisa wa kampuni walikata mabomba hayo, na usiku yakaunganishwa tena. Kuanzia mwaka 2004, kwa msaada wa ubalozi wa Ufaransa na wa shirika la SANA lenye makao yake mjini humo, kampuni ilijaribu njia nyingine: ililaza bomba kubwa hadi ndani ya mtaa, ikaweka mita katika kichwa cha kila tawi, na kutia sahihi mkataba na kikundi cha wakazi kilichoandikishwa, ambacho hununua maji kwa jumla kwa bei nafuu na kuyauza kwa nyumba na kwa vibanda vya maji, ambako mama hulipia mtungi mmoja mmoja. Kikundi hukusanya fedha, hutengeneza mivujo, huwafuata wanaoiba maji, na mwisho wa mwezi hulipa ankara moja. Manyatta, kikundi cha Wandiege kilikwenda mbali zaidi kwa kusimamia kisima chake chenyewe na mtandao wake.

Mapatano hayo yana udhaifu ambao wananchi wenyewe huutaja: kikundi chaweza kumezwa na familia chache, bei ya kibandani hubaki juu ya ile ya nyumba yenye mita yake, na maji ya kampuni yakikatika, lawama humwangukia jirani badala ya ofisi. Hata hivyo mwizi wa maji, ambaye alikuwa shujaa mdogo alipoiibia kampuni, aligeuka kuwa mtu anayewaibia wanachama wenzake, na hilo halikuletwa na sheria ndogo ya baraza wala na mkutano wa hadhara. Lililetwa na mita iliyowekwa pale ambapo bomba la kampuni linakoma na la kikundi linaanza, ambayo husomwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja wa kampuni na mmoja wa mtaa, kila mmoja akiandika tarakimu zile zile katika daftari lake.